Boti ya kuvua ya kukodi Nungwi: bei, bahari, na ugomvi wa samaki

Sisi wakaazi tukisikia boti ya uvuvi ya kukodi tunasema hayo ni mambo ya wageni. Si uongo mtupu. Bei zinatajwa kwa dola, picha za matangazo zote ni Wazungu wamekumbatia jodari, na ukipiga simu kwa Kiswahili anayepokea hunyamaza kwanza akupime. Lakini mkichanga watu watano, na mkajua cha kupatana kabla ya kupanda, ni starehe ambayo Mzanzibari anaweza kuilipia bila ya kuuza mikarafuu. Na la kupatana, kubwa kuliko yote, ni hili: samaki ni wa nani? Nitafika huko.

Tuliokwenda ni mimi, wenzangu wawili wa kazini, shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Muscat, na ami yangu ambaye ujana wake aliumalizia kwenye ngalawa pale Mkokotoni. Shemeji ndiye aliyetaka. Ami alikuja kuona hizo pesa zinakwenda wapi. Jina la kampuni sitalitaja, maana nina la kuisifu na nina la kuilaumu, na sitaki ugomvi wa simu.

Bei ya kwanza tuliyotajiwa ilikuwa dola 600 kwa nusu siku. Nikamwambia yule bwana kwamba sisi ni wenyeji, hatutaki gari la kutuchukua hotelini, hatutaki bia wala chakula cha mchana cha boksi. Akashuka mpaka 450, ndani yake mafuta, chambo, barafu na maji ya kunywa. Mafuta hakikisha yanaandikwa. Wapo wanaokutajia bei nzuri ya boti, halafu mkifika ufukweni mnaambiwa petroli ni juu yenu, na mashine mbili za nje zinakunywa vibaya sana.

Kwa nini Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na si Mjini, ambako tungelala majumbani kwetu mpaka dakika ya mwisho? Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, na mlango wa bahari wa baina yetu na Bagamoyo ni maji haba. Utakwenda masafa marefu ndipo ukute kilindi. Pemba ni habari nyengine: upande wake wa magharibi kina kinapita mita 700, na Nungwi inatazamana na vilindi hivyo. Kaskazini yake pana fungu lililozama ambalo ramani zinaliita Leven Bank, jina la HMS Leven, meli ya Kapteni Owen iliyokuja kupima mwambao huu miaka ya 1820. Kilele chake kiko kama mita 14 chini ya maji, na pembezoni kunaporomoka. Mkondo ukilipiga fungu lile, maji ya chini yanapanda na chakula chake, dagaa wanakuja kula, na wanaowala dagaa wanakuja nyuma yao. Nusu siku inatosha kwa hapo. Wanaotaka kwenda Fungu Kizimkazi, lile la kusini linaloitwa Latham, wajue hiyo ni safari ya kulala baharini na bei yake ni ya kulala baharini.

Tulikwenda wakati wa matlai, upepo wa mashariki wa baina ya kusi na kaskazi, mwezi wa Novemba, na sikubali ushauri mwengine kwa mtu wa mara ya kwanza. Kusi ikiwa imeshika, Juni mpaka Agosti, boti zinatoka, lakini mtalipa ili mtapike. Jodari wa mapezi ya manjano hupita kwa wingi kuanzia Agosti hivi mpaka Novemba. Sulisuli na nduaro, wale samaki wa mdomo mrefu kama mkuki, huzidi kaskazi ikiingia, Disemba mpaka Machi. Siku tuliyochagua ilikuwa ya maji mafu, yaani maji kujaa na kupwa ni kidogo. Nahodha mwenyewe aliomba hivyo, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa pale juu ya fungu unakwenda mbio na mishipi inatatizana.

Boti ni faiba ya kama futi 30, mashine mbili, na kila moja inaweza kuirudisha boti peke yake. Hilo nililiuliza kwenye simu kabla ya kuuliza bei. Mkondo wa pande zile unakwenda kaskazini, na ukizimikiwa na mashine moja uliyonayo hukai ulipo ukisubiri fundi. Redio ya upepo ilikuwepo na ilikuwa ikifanya kazi, nahodha aliitumia mbele yetu. Majaketi ya kuokolea yalikuwa ya kutosha, yamewekwa wazi, hayakufungiwa chini ya viti. Wenzangu waliona nakagua mno. Lakini meli ya abiria MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 kwenye maji haya haya ya baina ya Unguja na Pemba, na mwaka uliofuata MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, na hapa petu kila mtaa una mtu wake aliyekuwemo. Ami alivaa jaketi lake kabla ya kuambiwa.

Kupanda ni kwa kuingia majini mpaka kiunoni, kwa hiyo simu na viatu viwekwe mfukoni mwa plastiki. Walituambia saa kumi na mbili kamili asubuhi, tukang'oa nanga karibu na saa moja kwa sababu barafu ilichelewa kuletwa. Saa za kukodi wakazihesabu kuanzia tulipoondoka, hapo walikuwa waungwana.

Nahodha ni Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, na kwa anayezijua sifa za Watumbatu baharini sina la kuongeza. Mbele yake pana kioo cha kuonyesha kina na kingine cha ramani, lakini nilimtazama: kila baada ya muda anageuka nyuma anaulinganisha mnara wa Nungwi na mivinje fulani ya ufukweni, halafu ndipo anaangalia kioo, kama anayehakiki kazi ya mwanafunzi. Na muda wote macho yake yako juu, anatafuta shakwe. Pesa yenu inakwenda kwenye macho hayo. Faiba na mashine hata mimi naweza kununua nikipata mkopo.

Wanavua kwa kurambaza. Mishipi mitano inaburutwa nyuma ya boti inayokwenda taratibu, miwili imetanuliwa pembeni kwa miti miwili mirefu ili isigongane na ile ya kati. Chambo nne zilikuwa ngisi wa plastiki, waridi na zambarau, na mmoja ulitiwa chuchunge halisi. Ami aliwatazama wale ngisi akasema nguru wa siku hizi wameharibika, wanakula mpaka vitu vya dukani.

Saa ya mwanzo hakukuwa na kitu, na mwenzangu mmoja, aliyekula maharage na chapati mbili alfajiri, alikuwa keshalala sakafuni hana hamu na dunia. Halafu nahodha akaona shakwe wanajitupa majini kwa mbali. Akaizunguka ile fujo badala ya kuipasua katikati, na mishipi ikapita pembeni yake. Rili moja, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikalia. Kisha nyengine. Hapo mabaharia wawili waliokuwa wakisinzia wakageuka watu wengine kabisa: mmoja anarudisha mishipi iliyobaki ili isitatizane, mwengine anamfunga shemeji mkanda wa kuegemezea fimbo, na hakuna anayepiga kelele.

Jodari hapandi kama nguru. Nguru ni mbio moja ndefu halafu anachoka. Jodari anakwenda chini moja kwa moja na anakaa huko, unavuta mita mbili anachukua tatu. Shemeji alivuta mpaka mikono ikamtetemeka, na ami, aliyezoea mshipi wa mkono unaokata viganja, alikuwa amesimama pembeni anaichunguza breki ya rili inavyoachia na kukaza. Akamwambia, "Shemeji, hii breki ndiyo inayovua, wewe umeshika fimbo tu." Ilipokuja zamu yake na nguru akanasa, aliambiwa mara tatu ampishe mwengine akajifanya hasikii.

Jodari alipopanda alikuwa wa kilo kama 20, na hapa niwasifu mabaharia kwa jambo ambalo boti nyingi hazifanyi. Walimpiga kulabu kichwani, si mwilini. Wakamkata nyuma ya pezi la ubavuni akatoka damu, wakamtumbua, wakamzika ndani ya barafu papo hapo. Jodari ana damu ya moto, akiachwa juani ile nyama nyekundu inageuka ya kahawia, na akikaa zaidi anakuwa mkali, anakuwasha ulimi na kukupandishia mabaka. Wengi wamekula jodari wa namna hiyo wakadhani wana mzio wa samaki wote. Tulipata na sehewa kadhaa, wale jodari wadogo, nguru wa ami, na faulusi mmoja, yule wa kijani na dhahabu ambaye akishakufa rangi zote zinamtoka.

Sulisuli alikuja mwishoni, kwenye mshipi wangu. Aliruka juu mara kadhaa, mwili mzima nje ya maji, na sina lugha ya kuieleza ile furaha bila ya kutia chumvi. Nilipomfikisha ubavuni mwa boti baharia akavaa glovu, akamshika mdomo ule mrefu, akachomoa ndoana, akamwelekeza kichwa mbele huku boti ikienda pole pole mpaka akapata pumzi, akamwachia.

Ami alikaa kimya kwa muda. Kisha akamuuliza nahodha, kwa adabu kabisa, kama ana akili timamu. Sulisuli! Sokoni Darajani anaisha kabla ya adhuhuri. Nahodha akamjibu kama anayejibu swali hilo kila wiki: "Mzee wangu, mgeni anatoka Ulaya kwa ajili ya huyu na nduaro. Nikimuua leo namuuza mara moja. Nikimwachia namuuza tena." Kenya wenzetu wanakwenda mbele zaidi, wana shirika la African Billfish Foundation linalowatia samaki hawa vitambulisho vyenye nambari mgongoni ili wajulikane walikokwenda. Boti yetu haikuwa na vitambulisho, waliachia tu. Mimi sina kinyongo kwa sababu sharti hilo tuliambiwa siku ya kulipa. Ingekuwa ni la kushtukizwa baharini ningegomba.

Na kugomba kulikuja tuliporudi. Msimamizi alitungoja ufukweni pamoja na mchuuzi mwenye mizani, na mchuuzi tayari alikuwa anamtia jodari mkono mashavuni. Tukaambiwa desturi ya boti: samaki wakubwa ni wa boti, wateja wanapewa kitoweo. Desturi hiyo ina asili yake. Mgeni wa hotelini hana pa kumpeleka jodari wa kilo 20, anataka picha na vipande viwili vya chakula cha usiku, kwa hiyo samaki amekuwa sehemu ya pato la mwenye boti na wakati mwengine ndiyo marupurupu ya mabaharia. Silaumu. Lakini mimi nilikuwa na ujumbe wa WhatsApp wa yule yule bwana unaosema "samaki wote wenu kasoro sulisuli na nduaro", nikamfungulia akausoma mbele ya mchuuzi. Akasema aliyeandika alikuwa hajui. Aliyeandika ni yeye. Nahodha wakati huo alikuwa ameinama anakunja kamba ambayo ilikwisha kukunjwa, na namwelewa, ameajiriwa.

Tuliondoka na samaki wetu. Faulusi tuliwaachia mabaharia kwa hiari yetu, na bakhshishi yao tukawapa mkononi, si kupitia kwa msimamizi. Mkifanya safari kama hii fanyeni hivyo hivyo, vijana wale ndio waliofanya kazi.

Kasoro nyengine ni za boti. Tezini, nyuma ya boti, ambako mnakaa muda wote, hakuna kivuli hata cha turubai, na jua la Novemba saa nne si la mchezo. Mkanda mmoja wa kuegemezea fimbo ulikuwa umekatika ukafungwa kwa kamba ya katani. Choo ni bahari, kwa hiyo kundi lenye wanawake liulize kwanza, zipo boti kubwa zaidi zenye choo. Vitafunio vilikuwa biskuti na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Bebeni sambusa zenu.

Kwa hesabu tulilipa dola 90 kila mmoja, na mgao wa jodari na nguru uliingia majumba matano, tukapeleka na kwa majirani. Nyumbani kwangu alipikwa wa kupaka. Ukitoa thamani ya samaki, gharama inapungua kwa kiasi cha kuonekana, na ndiyo maana nasisitiza lile suala la nani mwenye samaki: kwa mgeni ni dogo, kwetu sisi ndilo linaloamua kama safari ni ghali au la. Kama hamna shida na samaki na mnataka upepo tu, kodini mashua ya jioni, mtatumia pesa chache sana kuliko hizi.

Nawapa nyota nne: tano za nahodha na mabaharia, tatu za ofisi. Tunapanga kurudi Februari, msimu wa nduaro. Ami ameshasema hatakuja kama nduaro ataachiwa. Shemeji amekata tiketi kwa sababu hiyo hiyo.