Bila ya udhuru? Uzoefu wangu na klabu yetu ya kujitolea hapa Ng'ambo

Nilisema nisubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, basi naandika nazo.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya kujitolea ya mtaani kwetu, hapa Ng'ambo, Unguja. Jina lake silitaji. Huu ni mwaka wa tano, au labda wa sita. Wanawake wenzangu na vijana waliomaliza skuli huniuliza kila siku: "Tujiunge au tusijiunge?" Siku zote nilikuwa nawajibu jiungeni, jibu linatoka kabla swali halijaisha. Leo nasema msijiunge. Msijiunge mpaka maneno matatu yaliyoandikwa kwenye daftari la mahudhurio yafutwe na aliyeyaandika.

Maneno yenyewe ni haya: "bila ya udhuru."

Kwa asiyejua, wiki yetu inakwenda hivi. Jumatano baada ya Alasiri ni mkutano, kwenye darasa la skuli tunaloazimwa. Ijumaa wachache wetu wanakwenda kuwatazama wagonjwa na wazee. Jumapili asubuhi ni msaragambo: mitaro, majaa, makaburi yakishaota majani, mara moja moja kupaka chokaa ukuta wa skuli. Kengele ya Jumatano inapigwa saa 10:30. Akichelewa mtu, faini 2,000. Simu ikilia, faini. Anayemkatiza mwenzake akizungumza, faini. Pesa zinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa juu, na ndizo zinazonunua glovu na mafagio ya chelewa. Faini siipingi hata kidogo, nimeshalipa mara nyingi na nimelipa kwa furaha.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa masika, Jumatano, mvua imeshika tangu alfajiri. Jumapili yake tulikuwa tumezibua mtaro wa nyuma ya nyumba zetu, lakini tope tulilizoa tukaliacha kandokando, tukisubiri gari ya taka. Gari haikuwahi, mvua ikawahi. Tope lote likarudi mtaroni na taka zake. Kosa hilo ni letu sote, na mimi nimo.

Niko kwenye cherehani, nimeshaoga, nimeshaandaa buibui la kwendea mkutanoni, akaja mtoto wa jirani mbio: maji yameshafika kwenye kizingiti kwa bi mkubwa wa nyumba ya mwisho. Yule bi mkubwa hawezi kusimama peke yake. Kitanda chake kiko chini na godoro lake ni moja. Nilichukua pauro la klabu, maana vyombo vinakaa kwangu, nikawaita vijana wawili waliokuwa wamejikinga mvua kwenye baraza, tukaenda.

Kalvati ilikuwa imeziba kabisa. Pauro halifiki. Nililala kifudifudi kwenye ukingo nikaingiza mkono mpaka begani. Nikatoa pampasi, moja, mbili, tano, sikuhesabu tena. Chupa za maji. Vifuu. Mifuko ile ya nailoni, ambayo Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, mpaka leo ndiyo inayotuzibia mitaro. Mwisho vidole vikashika kitu kizito, laini, nikakivuta kikagoma. Kijana mmoja akanishika kiuno, mwengine akaingia ndani ya maji, tukavuta sote watatu. Lilikuwa gunia la mkaa limejaa mchanga. Lilipotoka tu, maji yakafyonzwa kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Bi mkubwa alikuwa dirishani anatuombea dua. Kwenye kizingiti pakabaki alama ya tope, kidole kimoja tu chini ya mlango.

Ningeweza kurudi nyumbani. Nilikwenda mkutanoni vilevile nilivyo, buibui zito kwa maji, pauro mkononi, kwa sababu ilikuwa Jumatano, na nilitaka kuwaambia wenzangu tope lile likazolewe kabla ya Jumapili. Nilifika nimechelewa kama nusu saa, labda na zaidi.

Katibu alikuwa amekaa mlangoni na daftari. Kijana wa kumzaa. Hakunishikamoo. Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu akasema, "Kengele imeshalia, bibie." Nikamwambia, mwanangu, natoka mtaroni, kwa bi mkubwa fulani maji yalikuwa yanaingia ndani. Akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nyinyi kina mama udhuru hauishi. Kanuni ni kanuni." Akaandika. Kalamu nyekundu. Jina langu, saa, na kwenye safu ya sababu: bila ya udhuru. Kisha akanigeuzia daftari nitie saini.

Nilipoinama kutia saini, tone la tope likadondoka kutoka kwenye mkono wangu likaangukia ukurasa. Akatoa leso akalifuta lile tone kwa haraka, asije akachafuka. Maneno akayaacha.

Pauro nililokuwa nimeshika limeandikwa jina la klabu kwa rangi nyeupe kwenye mpini. Liko mbele ya macho yake. Watu zaidi ya ishirini wamekaa, hakuna aliyesema kitu. Mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Maalim na alinifundisha kusoma mimi na ndugu zangu, aliinamisha kichwa akawa anapanga karatasi zake.

Nilitia saini na nililipa, nami mpaka leo najilaumu kwa saini ile kuliko kitu chochote.

Niseme jambo kuhusu hizo kanuni, maana zimetajwa kama zimeshuka mbinguni. Klabu yetu imeandikishwa kama jumuiya, kwa ile sheria ya jumuiya namba 6 ya 1995, na cheti kimetundikwa ukutani. Si tawi la Rotary wala la Lions, zile klabu za kujitolea zenye matawi dunia nzima. Lakini waasisi wetu waliziiga klabu hizo waziwazi: mkutano wa kila wiki, kengele, faini, mgeni wa kuzungumza. Nami nikataka kujua huko zilikotoka kukoje. Mwaka 1905, mjini Chicago, mwanasheria mmoja, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa makaa, mmoja mhandisi wa migodi, na mmoja, Hiram Shorey, alikuwa fundi wa nguo kama mimi. Walikuwa wakizunguka, wiki hii ofisi ya huyu, wiki ijayo ofisi ya yule, na jina Rotary likatokana na kuzunguka huko. Na kazi ya huduma inayotajwa kuwa ya mwanzo kwao ni kupigania vyoo vya umma mjini. Vyoo! Watu wale wangeniona nimesimama pale mlangoni na tope langu wangejua mara moja nimetoka wapi.

Tena huko kwao, mtu akikosa mkutano kwa sababu yuko kwenye kazi ya huduma iliyoidhinishwa na klabu, kazi hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa ni mahudhurio. Na tangu 2016 wameziachia klabu zao zijiamulie, hata zikikutana mara mbili tu kwa mwezi si kosa. Walioanzisha wamelegeza, sisi tulioiga tumekaza mpaka kamba inakata mkono.

Ama hilo la "nyinyi kina mama", nitalisema kwa ufupi kwa sababu nikilirefusha nitatukana. Rotary walikawia mpaka 1989 kuwapokea wanawake kwa kanuni zao. Sisi hapa wanawake tumo tangu siku ya mwanzo. Sisi ndio tunaopika uji wa Ramadhani, sisi ndio tunaojua nyumba ipi haina unga, na asubuhi ya Jumapili ukihesabu migongo iliyoinama mtaroni, hesabu uniambie.

Tena kuna maswali manne yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa, yanatundikwa kila Jumatano nyuma ya meza ya mwenyekiti. Nayo tumeyachukua Rotary. Aliyeyatunga ni Herbert Taylor, mwaka 1932, alipokuwa anajaribu kuinusuru kampuni ya sufuria isifilisike. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, itajenga nia njema na urafiki mwema? Je, itawafaa wote wanaohusika? Kitambaa kile nimekishona mimi. Herufi nimezikata moja moja kwa mkasi wangu, nikazipiga cherehani usiku, umeme unakatika unarudi. Sasa mnaelewa kwa nini silali? Swali la kwanza kabisa, je, ni kweli? Si kweli. Nilikuwa na udhuru, nilikuwa nimeubeba mkononi.

Nikifika hapa huwa naapa sirudi tena. Kisha nakumbuka mambo mengine, na moyo unanigeuka.

Nakumbuka Jumatano moja, miaka miwili mitatu nyuma, alikuja mzee aliyefanya kazi ya afya zamani akatueleza habari ya mbu. Mbu anayezaliana kwenye mitaro michafu na vyoo vya shimo hapa mjini ndiye anayeeneza matende. Akatwambia kwamba Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 80, watu walipewa dawa za matende na papo hapo vyoo vya shimo vikamwagiwa chembe ndogo nyeupe za plastiki nyepesi, zile zinazofanana na maboksi meupe ya kufungia vyombo vya umeme. Chembe zinaelea juu ya maji, zinafunga kama mfuniko. Kiluwiluwi wa mbu akija juu kuvuta hewa hapati pahala pa kupenya, anakufa. Mbu wakapungua sana, na maradhi yakapungua. Nilikaa pale nimesahau hata chai yangu. Mama yangu mzazi alikufa na mguu wa matende. Sikuwahi kupewa maelezo hayo na mtu yeyote, nimeyapata kwenye darasa la kuazima, kwa sababu ni Jumatano.

Nakumbuka pia nilipofiwa. Kabla sijajua nimwite nani, mkeka ulikuwa umeshatandikwa, masufuria yameshafika, na aliyekuwa anakoka moto nyuma ya nyumba, amevaa shati jeupe limeshakuwa jeusi kwa masizi, ni katibu huyuhuyu. Ndiyo. Huyuhuyu. Alikaa siku zote tatu. Sijalisahau na sitaki kujifanya nimelisahau. Ndiyo maana neno lake limeingia ndani kiasi hiki, lingetoka kwa mtu baki nisingeliandikia hata mstari.

Siku chache baadaye Maalim alikuja kwangu baada ya Isha. Hakuingia ndani, alikaa barazani. Alikunywa kahawa vikombe viwili kimya, halafu akasema, "Mwanangu, siku ile nilinyamaza. Niliogopa nikisema mbele za watu nitamvunja kijana." Nikamuuliza, "Na mimi, Maalim, nilikuwa mzima?" Hakujibu. Akatoa noti ya 2,000 mfukoni akataka kunirudishia faini. Nikaikunja nikamrudishia mkononi, nikamwambia sitaki pesa, nataka maneno yale yafutwe. Akasema daftari likishafungwa mwisho wa mwezi halirekebishwi, ndivyo katiba ya klabu inavyosema. Nilimheshimu, nikamsindikiza mpaka kwenye kona, nikarudi ndani nikalia.

Kwa hiyo mnaouliza, sikilizeni. Jumapili nendeni. Hata leo, na hasira zangu zote, Jumapili naipa nyota tano, nendeni na watoto wenu wakubwa, mtafanya kazi mtaiona kwa macho. Ijumaa nayo nyota tano. Jumatano nilikuwa nimeandika nyota moja, nikaifuta nikaandika tatu kwa ajili ya mzee wa Makunduchi, nikakumbuka ile leso, nikarudisha mbili. Sijui mtaisomaje. Nimesema juu msijiunge, na sasa nawaambia nendeni. Yote mawili nayasema kwa dhati. Mtaro ule una tope sasa hivi ninavyoandika, na vuli haiko mbali.

Jumatano hii nitakwenda. Saa 10:00 nitakuwa nimeshakaa, kabla kengele haijashikwa. Nitaomba daftari la masika lifunguliwe kwenye ukurasa wenye doa la tope, na katibu ausome mstari wangu kwa sauti, kama alivyosema siku ile kwa sauti. Akimaliza nitamwomba ageuke asome na kitambaa, mstari wa kwanza tu. Kalamu nitakuwa nayo mimi.