Taa za kumulika bustani kutoka juu: kabla hujalipa, geuza taa utazame mgongo

Kila masika ikishika, malalamiko ya Njiro na Sakina kule Arusha, na ya Shanty Town na Rau kule Moshi, ni yaleyale. Taa ya bustani imenunuliwa Januari, ikawaka vizuri. Aprili kioo kimefanya ukungu kwa ndani, wiki mbili baadaye inapepesa, Mei imezima kabisa na imeangusha breka ya nyumba nzima. Muuzaji anasema fundi kaharibu, fundi anasema taa ni feki. Mara nyingi haikuwa feki. Ilifungwa kichwa chini wakati haikutengenezwa kufungwa hivyo.

Spotilaiti nyingi zinazouzwa Sokoine Road, Arusha, na Double Road, Moshi, zimeundwa kuchomekwa ardhini na kumulika juu. Kioo ndicho kinachopigwa na mvua, kwa hiyo kiwanda kimekipa mpira mzuri wa kuzuia maji. Waya unaingilia nyuma, upande wa chini, ambako maji hayatuami. Sasa ipandishe taa hiyo mtini na uigeuze imulike chini: mgongo umekuwa paa, na tundu la waya limekuwa kama tundu la msumari uliolegea kwenye bati. Maji yanakaa kuizunguka glandi, yaani kile kizibo kinachobana waya unapoingia, usiku kucha. Tena hayakai tu. Taa iliyowaka saa mbili ina joto, na hewa ya ndani imetanuka. Mvua baridi ikiipiga, hewa hiyo inasinyaa ghafla na taa inavuta pumzi kupitia upenyo wowote ilionao. Upenyo ukiwa umezamishwa majini, kinachovutwa ni maji. Ndiyo maana silikoni ya kupaka juujuu haimalizi msimu.

Kwa hiyo ukiwa dukani usianze na wati wala umbo. Geuza taa. Waya utokee ubavuni, au glandi iwe ya chuma yenye mpira unaobana waya pande zote, si plagi ya plastiki iliyosukumiwa ndani. Vuta waya kwa nguvu ya kawaida: ukicheza hata milimita moja, irudishe. Mgongo wenye kishimo cha kutuamisha maji, irudishe pia. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua boksi ameshakujibu.

Rangi ya mwanga haihitaji maneno mengi: 2700K hadi 3000K, yaani mwanga wa njano (K, kelvini, ni kipimo cha rangi hiyo). Zile nyeupe za 6500K zinazopangwa mbele kwa sababu zinang'aa dukani huyafanya majani yaonekane kama yamemwagiwa majivu, na kumbikumbi wa mvua za kwanza watajaa barazani kwako.

Sasa aina zenyewe, kuanzia ninayoipendelea zaidi. Namba moja: spotilaiti ya volti 24, IP67 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), mwili wa shaba au alumini nzito, yenye kofia. Hii ndiyo inayotoa ule mwanga unaofanana na mbalamwezi. Wati 4 hadi 6 zinatosha kwa taa moja. Ifungwe mita 6 hadi 9 juu, ndani ya matawi na si chini yake, ili majani yachore vivuli kwenye nyasi na pevingi. Kutoka mita 6, mwale wa nyuzi 36 unafunika duara la karibu mita 4, na wa nyuzi 60 karibu mita 7. Kofia iwe ndefu kiasi kwamba mtu aliyekaa barazani haoni balbu, anaona nyasi tu. Taa ya IP65 imepimwa kwa maji yanayorushwa, haikupimwa kwa kuzama. IP67 imepimwa kwa kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, na ukikumbuka maji yanayotuama mgongoni, hiyo ndiyo tofauti unayoilipia.

Za volti 12 ni rahisi zaidi kupatikana, nazo zinafaa, lakini piga hesabu ya waya kwanza. Taa nane za wati 5 ni wati 40, yaani ampea 3.3 kwenye volti 12. Zikiwa zote mwisho wa waya wa 1.5 (milimita mraba za shaba) wenye urefu wa mita 30, zaidi ya volti 2 zinapotelea njiani, na taa zinapata chini ya volti 10. Mzigo huohuo kwenye volti 24 na waya wa 2.5 unapoteza chini ya volti moja. Watu wengi huambiwa wabadilishe taa wakati kinachotakiwa kubadilishwa ni waya.

Kwenye transfoma sifichi upande wangu: chapa ya Mean Well, na kwa mzigo huo ni LPV-60-24. Imezibwa kiwandani kwa kiwango cha IP67, inatoa wati 60, na inapokea umeme wa volti 90 hadi 264, kwa hiyo saa moja jioni majirani wote wanapopika na umeme ukashuka, taa zako hazitetereki. Transfoma zisizo na jina zilizoandikwa wati 100 usizibebeshe hata nusu ya namba hiyo. Kabla ya transfoma yoyote, upande wa umeme wa nyumba, mwambie fundi aweke kikata umeme cha miliampea 30 kwa ajili ya laini ya nje peke yake, ili taa ya bustani isilizimishe friji.

Kuna njia nyingine ya maji ambayo mafundi wengi hawaiamini hadi wakate waya na kuiona. Maji husafiri *ndani* ya waya. Kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi kikilowa, maji huingia katikati ya nyuzinyuzi za shaba na kutambaa chini ya ganda hadi kwenye taa, hata kama glandi ni nzima. Chuna waya wa taa iliyokufa: shaba imegeuka kijani au nyeusi sentimita kadhaa kutoka kwenye kiungo. Dawa ni viungio vyenye jeli, au mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, kisha boksi la IP66 ambalo matundu yake yote yanatazama chini. Kabla ya kuingia kwenye taa, waya ushuke kidogo chini ya usawa wa tundu ndipo upande, ili matone yadondoke pale kwenye mkunjo.

Mti wenyewe usifungwe kwa waya wala kamba. Unanenepa, waya unakata gome, tawi linakauka. Tumia skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu, bamba la taa likae sentimita 2 au 3 mbali na gome, kisha uzilegeze kila mwaka. Waya uachiwe ulegevu wa nusu mita. Mjakaranda ni mzuri, ila hupukutisha majani kabla ya kuchanua, na miezi hiyo taa itabaki uchi. Kwenye mgrivea funga shinani, kwani matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mkaliptasi uache, huangusha matawi hata siku isiyo na upepo.

Namba mbili: silinda ya ukutani ya GU10 (balbu ndogo ya miguu miwili inayobadilishwa), inayomulika chini tu. Kwa nyumba isiyo na mti mkubwa, hii naipendekeza bila kusita. Inakaa chini ya fisabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, mgongo wake umeegemea ukuta, na balbu ikiungua unabadilisha balbu peke yake. Weka Philips ya 2700K, nyuzi 36. Ila epuka ile inayomulika juu na chini, inayopendwa sana sasa hivi. Kioo chake cha juu ni bakuli: kinajaa vumbi, wadudu na maji, na nusu ya mwanga uliounulia luku inakwenda angani.

Namba tatu: taa za kuzama kwenye sofiti, ile dari ya nje chini ya ukingo wa paa. Zinamulika njia na ngazi, hazifiki bustanini. Ziwe na nafasi ya hewa juu yake, maana joto likibanwa chini ya bati, draiva, kifaa kinachoilisha taa umeme, ndiyo inayokufa kwanza.

Namba nne: fladi, ile taa pana ya mwanga mkali. Kwa ulinzi, ikiwa na sensa, sawa. Kwa bustani inafuta vivuli vyote na kumpofusha mgeni getini.

Za sola weka pembeni: paneli ndogo iliyojishikiza kwenye taa, ndani ya kivuli cha mti, Julai ya Arusha yenye mawingu, haitachaji.

Kinachoniuma ni dhamana. Taa inauzwa kama taa ya nje, imechapwa IP67 kwenye boksi, lakini ikirudishwa unaambiwa "imeingia maji, dhamana haihusu". Taa ya nje isipodhaminiwa dhidi ya maji, imedhaminiwa dhidi ya nini? Kabla ya kulipa, dai wakubali kuandika nyuma ya risiti ya EFD kwamba dhamana inahusu na maji. Wakikataa, ondoka.

Kisha jaribu nyumbani siku hiyohiyo, kabla fundi hajapanda ngazi. Washa taa yako ya IP67 dakika 30 hadi mwili wake uwe na joto. Zima, chomoa kabisa, itumbukize kwenye ndoo ya maji baridi kichwa chini, ncha za waya zibaki nje ya maji. Subiri dakika 20. Itoe, ifute, iwashe tena, na baada ya robo saa tazama kioo kwa kukiinamisha. Ukiona hata utando mdogo wa ukungu pembeni, irudishe dukani ikiwa bado na boksi lake.