Sizoni za vipindi vya televisheni vya katikati ya miaka ya 70, kwa diski: uanze kununua ipi?

Kabla ya bei, uliza kwanza kipindi kilirekodiwa kwenye nini: filamu au kanda ya video? Filamu ya milimita 35 imebeba picha nzuri kuliko televisheni yoyote ya mwaka 1975 ilivyoweza kuonyesha. Ikisafishwa na kuskaniwa upya unaona hadi mikunjo ya koti. Kanda ya video ya wakati ule ilikuwa na mistari 525 Marekani na 625 Uingereza, na kisichokuwemo hakiongezeki.

Namba moja kwangu ni Columbo. Peter Falk ni mpelelezi wa Los Angeles mwenye koti la mvua lililochoka na Peugeot 403 iliyochoka zaidi. Muuaji unamjua tangu mwanzo. Utamu ni kuona atanaswaje. Tazama "Negative Reaction" ya 1974, ambamo Dick Van Dyke ni mpiga picha aliyemuua mkewe. Mwishoni yuko kwenye kituo cha polisi, na nyuma yake kuna rafu yenye kamera kadhaa. Columbo anamwekea mezani picha iliyogeuzwa, kulia imekuwa kushoto. Jamaa anapandwa na hasira, mkono unaelekea rafuni. Sisemi zaidi! Sizoni saba za 1971 hadi 1978 zina hadithi 45, ukihesabu humo filamu mbili za majaribio zilizotangulia, na kila moja inajitegemea. Mfuko ukibana, chukua sizoni ya nne peke yake.

Namba mbili, Fawlty Towers, kichekesho cha Kiingereza kuhusu hoteli, cha John Cleese na Connie Booth. Ni vipindi 12 tu, sita vya 1975 na sita vya 1979, na hakuna hata kimoja cha kuruka. Sehemu kubwa ilirekodiwa studio kwa kanda ya video, kwa hiyo DVD inatosha. Hakikisha ina maandishi chini ya picha, maana Cleese akikasirika maneno yanamtoka kama mvua ya masika.

Namba tatu, Space: 1999, hadithi za angani, ndiyo ya kununua kwa Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na vyombo vyake vya angani, vilivyokuwa vimodeli vya kuundwa kwa mikono, bado vinapendeza. Kuna vipindi 48. Sizoni ya kwanza ndiyo yenye uzito, ya pili ilibadilishwa mno.

Six Million Dollar Man, ya mtu aliyewekewa viungo vya mashine, naiweka nne. Ukiinunua ujue kuwa baadhi ya hadithi zinarukia kwenye kipindi dada, The Bionic Woman: "Kill Oscar" ya 1976 ina sehemu tatu, na ya kwanza na ya tatu ziko huko. Bila visanduku vyote viwili utaachwa njiani.

Sasa zoni, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa kuchezwa, ambako wengi tunaumia. Niliwahi kuagiza sizoni nzima kutoka Marekani, deki ikaikataa, na muuzaji hakurudisha hela. DVD za Marekani ni zoni 1, za Uingereza ni 2, na Afrika Mashariki tuko 5. Bila deki ya zoni zote utakwama. Kwa Blu-ray tuna nafuu: Afrika na Uingereza wote ni zoni B, Marekani ni A. Mwombe muuzaji picha ya nyuma ya kasha kabla hujatuma pesa. Kwenye DVD, namba ya zoni huwa imechapwa juu ya kialama cha dunia.