Sinia la saumu Hurlingham: Jumatano moja na Jumatatu moja

Mtu aliyeacha nyama jijini Nairobi hujifunza mapema kwamba neno "mboga" halimlindi. Katika hoteli ndogo za mtaani utaagiza chapati kwa maharagwe, mhudumu ataitikia kwa uchangamfu, kisha kwa ukarimu ambao hukuuomba atachovya upawa katika sufuria ya nyama na kuimwagia sahani yako mchuzi ili chapati isikukwame kooni. Ukilalamika atakutazama kwa mshangao wa kweli na kukujibu kwamba hakukuwekea nyama, amekuwekea supu tu. Nimekula nje kwa mashaka ya namna hiyo kwa miaka 6, na kwa kuwa tumbo langu halivumilii maziwa wala samli, maswali ninayouliza mezani huwa marefu kuliko mlo wenyewe. Ndiyo sababu siku hizi, kabla sijaonja chochote, huupima mkahawa kwa jambo moja: je, jikoni wanajua kwa hakika ni kipi kimetoka kwa mnyama na kipi hakikutoka, au wanakisia?

Mkahawa ninaouzungumzia ni wa Kihabeshi, uko Hurlingham, hatua chache kutoka barabara ya Argwings Kodhek, na jina lake nimeliacha kwa makusudi kwa sababu ya lawama zitakazofuata. Nimekula humo mara mbili, mara ya kwanza siku ya Jumatano, ambayo niliichagua nikijua ninachokifanya. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa katika siku 50 zinazofuata Pasaka, na juu ya hizo wana Kwaresima ya siku 55 pamoja na mifungo mingine, hata anayeishika yote hupindukia siku 180 kwa mwaka. Katika siku hizo nyama, mayai, maziwa na siagi haviliwi. Mfungo huo wanauita tsom, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, maana ni ndugu wa sawm ya Kiarabu iliyotupa sisi saumu (ile ya kufunga, ya kitunguu ina ukoo wake). Kwa hiyo siku ya Jumatano mpishi wa Kihabeshi hakufanyii hisani kwa kukupikia bila nyama, kwani chakula hicho ndicho atakachokula yeye mwenyewe akimaliza zamu.

Nilifuatana na mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Machakos kwa miadi ya kliniki ya macho. Mama hadharau nafaka wala kunde, kwa kuwa amelelewa kwa muthokoi na ametulea sisi kwa muthokoi, lakini kwa imani yake mtu akialikwa mkahawani mjini, nyama ndiyo ushahidi kwamba alialikwa. Tuliagiza beyaynetu ya watu wawili, yaani sinia la mchanganyiko, na lilipofika alilikagua kutoka ukingo hadi ukingo, akaniuliza kwa upole, "Sasa nyama inakuja saa ngapi, mwanangu?"

Sinia lilikuwa limetandikwa injera moja pana, ule mkate wao mwembamba na laini, na juu yake vilima saba vya vyakula vilivyopangwa kwa rangi: kamande nyekundu zenye pilipili, minji kavu zilizopasuliwa na kupikwa kwa manjano, shiro, kabichi iliyochanganywa na karoti na viazi, mishiri, bitiruti iliyokatwa vipande vidogo, na katikati gomen, ambayo mama aliitambua mara moja kuwa ni sukuma wiki na akaanzia hapo kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Sukuma yao hupikwa muda mrefu kuliko yetu, ikalainika pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi, na sisi tuliozoea kuigeuzageuza dakika tano tu ili ibaki kijani huenda tukaiona imelegea. Mimi naipenda hivyo. Mama alisema imepikwa na mtu asiye na haraka, nami sikujua kama hiyo ilikuwa sifa.

Kilichonishika zaidi ni kamande, zinazoitwa misir. Ladha yake ina kina ambacho wengi wetu tumezoea kukipata kwa mifupa, na nilipomuuliza binti aliyetuhudumia siri yake alinieleza kwamba vitunguu vyekundu, vingi kuliko unavyodhani, hukatwakatwa na kupikwa kwanza vikavu, bila tone la mafuta, vikikorogwa kwa subira hadi vipoteze maji na kuanza kuyeyuka, ndipo mafuta na berbere vifuate. Berbere ni pilipili iliyokaushwa na kusagwa pamoja na uwatu, tangawizi, kitunguu saumu na aina ya iliki ya kwao. Nimeijaribu njia hiyo nyumbani kwa ndengu, nikaunguza sufuria mara moja na kufaulu mara mbili. Shiro nayo ni uji mzito wa unga wa dengu uliotiwa viungo, na yeyote aliyewahi kupakia viazi vya bhajia unga wa dengu atatambua harufu yake ya msingi, ingawa hapa haikaangwi bali inachemka taratibu hadi itoe mapovu.

Injera yenyewe ilistahili safari. Rojo lake huachwa siku kadhaa lichachuke, kisha humwagwa juu ya kikaango kipana na kuiva upande mmoja tu, hivi kwamba upande wa juu unabaki na vitobo vingi kama vya chila ya Pwani, na kazi ya vitobo hivyo ni kunywa mchuzi. Ile tuliyopewa Jumatano ilikuwa vuguvugu, laini, yenye uchachu wa kiasi. Binti alikiri bila kuficha kwamba haikuwa tefu tupu, ile nafaka ya kwao yenye punje ndogo mno, kwa kuwa tefu hapa Nairobi ni ghali, na kwamba wao huichanganya na unga wa mtama. Msema kweli namwamini katika mengine. Nilipotaka kuongeza sambusa za kamande na kumuuliza zinakaangwa wapi, alinyamaza kidogo, akasema, "Mafuta ni yaleyale ya sambusa za nyama, dada," nami nikaziacha. Mkahawa unaotangaza chakula cha saumu ungeweza kutenga karai moja dogo kwa kazi hiyo, na hili ni lawama langu la kwanza, lakini afadhali lawama hili kuliko kudanganywa.

Mama alisumbuliwa na swali la damu, ambalo wasiokula nyama tunaulizwa kila wiki. Nilimjibu kwamba kamande na tefu zina madini ya chuma, ila chuma cha mimea hakifyonzwi mwilini kwa wepisi kama cha nyama, na ndiyo maana limau lililokamuliwa juu ya mboga, nyanya za kachumbari na hata ule uchachu wa injera vina faida zaidi ya ladha. Nilimwambia pia kwamba vitamini B12 haimo katika mimea, nami hunywa vidonge. Alisikiliza, akachota kamande, akasema vidonge si chakula. Binti wa mkahawa alipoona mama anashindana na injera kwa vidole viwili, alinawa, akakata kipande, akakunjia ndani yake shiro na gomen, akamlisha tonge kwa mkono wake, desturi waiitayo gursha. Mama alicheka kama bibi harusi anayelishwa keki mbele za watu, na tangu hapo hakuuliza tena habari za nyama.

Jumatatu nilirudi peke yangu, saa nane mchana, na mambo yalikuwa mengine. Injera ilikuwa baridi na chachu kupita kiasi, kingo zake zikianza kukauka. Runinga ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya kuzungumzia uwanjani, na kwenye sinki la kunawia, katika mkahawa ambapo kila mtu anakula kwa mkono, chupa ya sabuni ilikuwa imejazwa maji. Niliagiza shiro "bila nyama", mhudumu wa siku hiyo akaandika, na ikaletwa ikichemka katika chungu chake cha udongo. Kabla sijainua tonge la kwanza nilisikia harufu ya samli, ile ya kwao iliyochemshwa na viungo. Nilimwita. Alinitazama kwa mshangao ninaoujua na kunijibu, "Hakuna nyama, dada, ni samli tu."

Nusu ya kosa naikubali, kwa sababu siku isiyo ya mfungo nilipaswa kutumia neno lao na wala si langu. "Bila nyama" siku ya Jumatatu kwa Mhabeshi haigusi samli hata kidogo, ilhali ukisema "ya tsom" umefunga milango yote kwa neno moja. Nusu ya pili ni yao, maana nilikuwa nimetaja tumbo langu, na tena chungu kilirudishwa jikoni bila kuombwa radhi na kingine kikaja baada ya dakika 40. Hicho cha pili kilikuwa safi na kitamu, kikiwa na mafuta ya kawaida, ila njaa ilikuwa imekwisha kugeuka hasira.

Kuhusu bei, sinia la watu wawili lilitugharimu shilingi 1,600 na lilitushinda, na kahawa shilingi 500. Kahawa msiiharakishe, kwa kuwa huletwa na bisi na hunywewa kwa awamu tatu kutoka katika birika la udongo, na awamu ya tatu, iliyo nyepesi kuliko zote, huitwa baraka, jina ambalo mama alilipokea kwa kuinamisha kichwa.

Mwenye kutaka kwenda namshauri aende Jumatano au Ijumaa kabla ya saa saba, wakati injera ni ya asubuhi hiyo, abebe sabuni yake, na siku nyingine yoyote aseme tsom kabla hata ya kuketi. Injera za kubeba huuzwa shilingi 100 moja. Nilinunua nne ile Jumatano, na kesho yake asubuhi nikamkuta mama jikoni amezipasha kwenye kikaango cha chapati na anazilia ndengu za jana, akilalamika kwamba nilinunua chache.