Pedali tatu zinazonijibu: uzoefu wangu na lupa, mwangwi na feiza

Jana nilishika gitaa saa mbili usiku baada ya kula, nikijiambia ni nusu saa tu ya kupasha vidole. Nilipotazama saa ilikuwa saa tano na ushee. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinawaka, chai imepoa mezani, na kwenye spika kulikuwa na magitaa matatu yanaongea, yote yangu. Hilo limenitokea mara nyingi mwaka huu kuliko miaka kumi iliyopita yote kwa pamoja, ndiyo maana nimeona niandike kuhusu pedali tatu ninazotumia, vile vikasha vya kukanyaga ambavyo sauti ya gitaa hupitia kabla ya kufika kwenye spika.

Kabla yake nilikuwa na kifaa kikubwa kimoja chenye sauti zaidi ya mia. Hakikuwa kibovu. Lakini jioni zangu ziliishia kwenye kioo chake kidogo, napekua orodha, nabadilisha, narudi nyuma, na gitaa limelala mapajani. Nikapata sauti nzuri kadhaa na nyimbo chache sana. Nilikiuza bila majonzi, na kwa sehemu ya pesa hiyo nikanunua lupa iliyotumika, TC Electronic Ditto, kwa shilingi 220,000.

Lupa ni pedali ya kurekodi unachopiga na kukirudisha hapo hapo, bila kukoma, mpaka uiambie basi. Ditto ilitoka mwaka 2013, imetengenezwa na kampuni ya Denmark, na ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Ina nobu moja ya sauti, yaani kitufe cha kuzungusha, na swichi moja ya mguu. Hakuna kioo wala orodha. Unakanyaga mara ya kwanza inaanza kurekodi. Unakanyaga tena inaanza kurudia. Unakanyaga ya tatu unaongeza gitaa jingine juu ya lile la kwanza. Inabeba mzunguko wa hadi dakika tano, na tabaka uongeze upendavyo. Mimi sijawahi kuhitaji hata dakika moja.

Sasa fikiria mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi anapopewa kitu kama hiki. Ukisikiliza Mlimani Park, au Franco na TPOK Jazz, gitaa moja halikupi wimbo. Rithim inashika njia, second, yaani gitaa la pili, inapita katikati yake, solo inazungumza juu, besi inawabeba wote. Uzuri wenyewe uko kwenye kujibizana: huyu akiacha nafasi, yule anaijaza. Ukikaa peke yako chumbani unapiga kipande kimoja cha mazungumzo, na vingine unavisikia kichwani tu. Ditto imenipa wale wengine. Napiga rithim ya C, F na G, mapigo kumi na sita, nakanyaga. Naweka besi kwenye nyuzi za chini, nimefifisha kwa ubavu wa kiganja. Kisha second. Halafu ndiyo naanza kutafuta solo, na solo inayokuja siyo ile niliyokuwa nimeikariri, kwa sababu second imeacha mianya ambayo sikuipanga.

Kuna jambo linalowasumbua wengi wanaoanza. Swichi usiikanyage mara ya pili unapomaliza kupiga. Ikanyage pale kipigo cha kwanza cha mzunguko mpya kinapoangukia, huku mkono ukiendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwahi au ukichelewa hata kidogo, mzunguko wote unachechemea, na kuchechemea huko kutarudi kila baada ya sekunde nane mpaka ufute. Ilinichukua kama wiki mbili mguu kuelewa. Faida yake sikuitarajia: sasa hata nikiwa na bendi bila pedali yoyote, tempo yangu imetulia.

Na kuna ufundi mmoja nilioupenda kuliko yote. Ukikandamiza swichi bila kuiachia, Ditto inaondoa tabaka la mwisho ulilorekodi. Ukikandamiza tena inalirudisha. Kwa hiyo narekodi rithim na besi kwanza, naongeza second kali, kisha naiondoa. Naimba, napiga polepole. Wimbo ukifika kwenye chemko, nakandamiza, na second inaingia kama mtu aliyekuwa amesimama nje anangoja aitwe. Nywele zinasimama kila mara.

Jirani yangu ni mzee aliyepiga gitaa la second kwenye bendi za dansi miaka ya themanini. Jioni moja alipita uani, akasimama dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo anayepiga rithim yuko wapi, mbona simwoni?"

Nikamwonyesha kikasha pale sakafuni. Akaingia, akavua viatu, akakaa kitandani, akaomba gitaa. Alisikiliza mizunguko mitatu au minne bila kugusa uzi, kichwa kimeinama. Alipoanza, alipiga nota chache sana, mbili hapa, tatu pale, zote kwenye mashimo niliyoyaacha bila kujua. Alipiga hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Aliponirudishia gitaa akasema, "Huyu mwenzako ni mvumilivu. Zamani rithim akichoka, tulikuwa tunagombana." Tangu siku hiyo anakuja kila Jumamosi.

Ila ina kasoro, na ni haki niseme. Kwa kuwa swichi ni moja, ili kusimamisha lazima ukanyage mara mbili haraka. Kanyago la kwanza linafungua kurekodi kwa nukta ya sekunde, kwa hiyo kumalizia wimbo kwa kukata ghafla, wote pamoja, ni kazi. Mimi hupunguza nobu ya sauti kwa mkono, wimbo unafifia. Jukwaani ningetamani swichi mbili.

Pedali ya pili ni ya mwangwi, Boss DD-3, ile nyeupe. Boss walitoa DD-2 mwaka 1983, mwangwi wa kidijitali kwenye kikasha kidogo cha kukanyaga, na DD-3 ikafuata mwaka 1986. Yangu imekwanguka pembe zote na namba za chini zimefutika, lakini inafanya kazi kama saa. Inaweza kuchelewesha sauti hadi milisekunde 800. Watu wengi huitumia kama chumvi, mwangwi kidogo nyuma ya solo ili isikauke. Ni matumizi mazuri, ila raha yake iko kwingine.

Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Kila kipigo ni milisekunde 500. Weka mwangwi kwenye robo tatu ya kipigo, yaani 375, rudufu moja tu, na sauti yake iwe karibu sawa na ya kwako. Halafu piga nota mbili kwa kila kipigo, sawasawa, bila mbwembwe. Kila nota yako inajibiwa katikati kabisa ya zile mbili zinazofuata, na masikio yanasikia magitaa mawili yaliyosukana. Mara ya kwanza nilipoipata hesabu hiyo nilicheka kwa sauti peke yangu chumbani. Ni ile ile second na solo ya dansi, ila mpigaji wa pili ni mimi mwenyewe wa zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde iliyopita. Ukichanganya nota, naye anachanganya. Ukiacha nafasi, anakujibu ndani yake. Inakulazimisha upige kidogo na usikilize sana.

DD-3 ya zamani haina njia ya kuipa tempo kwa mguu. Unazungusha nobu na kutega sikio mpaka ikae. Toleo la DD-3T la mwaka 2019 limeongezewa hilo. Kama unapiga na bendi, tafuta hilo jipya. Nyumbani mimi naridhika na nobu, tena nobu yenyewe ina raha zake: ukiizungusha mwangwi ukiwa bado unasikika, sauti inapanda au kushuka kama kanda ya kaseti inayovutwa.

Mpangilio nao ni mchezo. Kawaida lupa inakaa mwisho: gitaa, feiza (pedali yangu ya tatu, nitaieleza hapo chini), mwangwi, lupa, kisha amplifaya. Hivyo kila tabaka linarekodiwa na sauti yake. Lakini siku moja niliigeuza, lupa nikaiweka mwanzo kabisa. Sasa gitaa likisharekodiwa linapita kwenye pedali nyingine likiwa linajirudia lenyewe, na mikono yangu yote miwili iko huru. Niliketi sakafuni kama mtoto mwenye vibuyu, mkono mmoja kwenye mwangwi, mwingine kwenye feiza, nazungusha. Binti wa dada yangu, ana miaka saba, akaja akakaa pembeni. "Mjomba, na mimi." Nikamwachia. Hajui kodi ya gitaa hata moja, lakini ndani ya dakika mbili alikuwa amepata sauti ambayo mimi sikuwahi kuifikia, na aliijua kuwa ni nzuri, maana aliacha kuzungusha.

Feiza yenyewe ni MXR Phase 90, rangi ya chungwa, muundo wa mwaka 1974, nobu moja tu ya kasi. Inagawa sauti ya gitaa mara mbili, nusu moja inapitishwa kwenye ngazi nne zinazoisogeza kidogo, kisha zinaunganishwa tena. Zinapokutana, baadhi ya sehemu za sauti zinauana, na matundu hayo yanapanda na kushuka. Ukiiweka taratibu chini ya rithim, ni kama mtu anafungua na kufunga dirisha polepole ngoma ikiwa inalia uani. Ukiiweka kasi inachosha upesi. Kwa raha ya peke yake ni ya tatu kati ya hizi, lakini mbele ya mwangwi inafanya kila jibu lirudi na rangi tofauti kidogo, na hapo inalipa gharama yake.

Kuhusu umeme. Zote tatu zinataka volti 9, hasi ikiwa katikati ya pini. Angalia mchoro mdogo nyuma ya adapta kabla ya kuchomeka, kwa sababu baadhi ya adapta za vinanda ni kinyume. Nilipoziunganisha zote kwenye adapta moja nilisikia mlio mwembamba kama mbu, unaotoka kwenye pedali za kidijitali. Dawa ilikuwa kuipa feiza betri yake. Inakula umeme kidogo mno, betri moja inakaa muda mrefu, ila kuibadilisha unafungua skurubu nne za chini, na usisahau kuchomoa waya wa gitaa ukimaliza kupiga, vinginevyo inaendelea kunyonya usiku kucha. Ditto haitumii betri kabisa. Umeme ukikatika naiwasha kwa pawabanki na ule waya unaopandisha volti hadi 9, amplifaya yangu ni ndogo ya betri sita, na jioni inaendelea gizani.

Ukienda Kariakoo au kwa mtu anayeuza iliyotumika, nenda na gitaa lako na waya wako. Kanyaga kila swichi mara kumi, zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho usikie kama inakwaruza. Kisha mwombe muuzaji dakika tano za kukaa nayo kimya. Kama pesa inatosha moja tu, anza na lupa.