Vifaa vya usalama wa kivuko cha reli: kipi kinafaa Nyanda za Juu Kusini, kipi ni mzigo

Kuanzia Makambako kupitia Mbeya hadi Tunduma, reli ya TAZARA na barabara kuu ya TANZAM zinafuatana. Barabara za mitaa, za vijiji na za mashambani zinazotafuta lami hulazimika kuikata reli, na vivuko vingi vya namna hiyo vina kibao tu, bila geti wala taa. Halmashauri au kamati ya mtaa ikiamka kutafuta suluhisho, inaletewa orodha ya bei inayoanzia stika ya kuakisi mwanga na kuishia geti la umeme. Tumevipima vifaa hivyo kwa maswali manne. Kinaharibikaje? Fundi wa hapa anaweza kukitengeneza? Kinahimili mvua na radi za Novemba hadi Aprili? Kinaibika kirahisi? Muuzaji hapendi swali la kwanza, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tunaanza na sakafu ya kivuko, kwa sababu haimo kwenye orodha nyingi za "usalama" ilhali gari likizimika au bodaboda ikianguka katikati ya reli, chanzo mara nyingi ni sakafu.

Kifusi na moramu ni bei rahisi, na ndiyo sakafu mbaya kuliko zote. Vumbi na udongo hushuka kati ya kokoto, maji yanakosa pa kutokea, na kila treni ikipita mataruma (magogo ya mbao au zege yanayobeba reli) hucheza na kusukuma tope juu. Vijiwe hujaa kwenye ufa unaopitisha ukingo wa gurudumu la treni. Kiberenge chepesi cha mafundi wa reli kinaweza kutoka njiani kwa sababu ya jiwe moja lililoshindiliwa humo na matairi ya malori.

Lami iliyomwagwa hadi kugusa reli inapendeza mwezi wa kwanza. Reli hunepa kidogo chini ya kila ekseli, lami hainepi, kwa hiyo hupasuka pembeni mwa reli na maji yanaingia. Ubaya mwingine ni kwamba vifungio vya reli vinafukiwa: mkaguzi havioni, na siku ya kushindilia kokoto upya lazima lami yote ivunjwe. Mbao ngumu zinafaa barabara ya shamba yenye magari machache. Zipigwe dawa na zifungwe kwa skrubu ndefu, kwa kuwa misumari hung'oka.

Paneli za saruji ndizo tungezichagua kwa barabara ya malori. Zinaweza kumwagwa hapa hapa nchini na zinabeba uzito. Zinataka mambo mawili. La kwanza ni kitako kilichonyooka, la sivyo paneli inabembea na kona zinameguka. La pili ni fremu ya chuma cha pembe kuzunguka kingo, na hapo kuna mtego: fremu ikigusa reli zote mbili, mfumo wa kugundua treni unaotumia umeme wa relini utaamini kuna treni saa zote, na geti halitafunguka. Weka mpira wa kutenganisha, kisha pima kwa mita kabla ya kufunga. Kuziinua kunahitaji krini, kwa hiyo panga kazi ya kokoto na kazi ya paneli siku moja.

Paneli za mpira, kama za STRAIL ya Ujerumani zinazotengenezwa kwa chembechembe za matairi yaliyorejelewa, ni nzuri kweli. Hunepa pamoja na reli, hutolewa na kurudishwa bila krini kubwa, na hazipitishi umeme kati ya reli. Bei yake ni ya kufikiria mara mbili, na kipande kikiharibika kinaagizwa nje. Tungeziweka mjini penye watembea kwa miguu wengi, si kwenye njia ya kwenda mashineni.

Ufa wenyewe unastahili kupimwa kwa rula. Ukingo wa gurudumu la treni unahitaji nafasi, na viwango vya Marekani vya njia za watu wenye ulemavu huruhusu hadi milimita 76 kwenye reli za mizigo, na karibu 64 kwingineko. Tairi ya mbele ya bodaboda ya saizi 2.75 ina upana wa karibu milimita 70, hivyo kwenye ufa wa 64 inapita. Lami ikimeguka na ufa ukafika milimita 90, tairi hiyo inazama, hasa kivuko kikiwa kimekata reli kwa mshazari. Baiskeli na magurudumu madogo ya kiti cha mlemavu huzama hata kwenye ufa wa kawaida. Dawa ya bei nafuu ni kupinda njia ya baiskeli na ya miguu ili ikutane na reli kwa nyuzi 90, au isipungue 60. Dawa ya bei ghali ni mpira wa kuziba ufa unaobonyea gurudumu la treni likipita (STRAIL huuita veloSTRAIL). Unafanya kazi, ila unalika, na lazima ubadilishwe.

Sakafu yoyote utakayochagua, chini yake kazi ni ile ile. Chimba hadi kama sentimita 30 chini ya mataruma, tandika kitambaa cha kuchuja, laza bomba lenye matundu la milimita 150 kila upande na ulitoe hadi mtaroni, kisha jaza kokoto safi zilizopasuliwa. Machimbo ya TAZARA yako Kongolo, Mbeya, kwa hiyo hakuna sababu ya kujazia mawe ya mtoni. Ni ya duara na hayashikani. Kiungo cha reli kisikae ndani ya kivuko: chomelea, na kiungo cha karibu kiwe angalau mita 6 nje ya kingo. Acha treni zipite siku chache, shindilia tena, ndipo ufunge paneli. Kazi hii yote inafanyika kwa kibali cha shirika la reli na mbele ya mafundi wake. Upande wa barabara, TANROADS ndiyo yenye barabara kuu na za mikoa, TARURA yenye za wilaya na mitaa. Ukianza na ofisi isiyohusika, utazungushwa.

Usisahau mgongo wa kivuko. Reli ikiinuliwa kila mara kokoto zinaposhindiliwa, barabara inabaki chini na kivuko kinageuka tuta. Lobedi, yaani tela la sakafu ya chini, iliyobeba mtambo wa mgodini kwenda Zambia inakaa juu ya reli kwa tumbo. Kanuni inayotumika Marekani ni nyepesi kuikagua kwa kamba na pima maji: uso wa barabara uwe sawa na kichwa cha reli kwa sentimita 60 nje ya reli, na ukifika mita 9 usiwe umepanda au kushuka zaidi ya milimita 75.

Alama ya msalaba na ile ya kusimama ndizo zinazorudisha thamani haraka, kwa sharti kwamba dereva akisimama anaona kitu. Chukua lori na tela lenye urefu wa mita 22, limesimama mita 3 kabla ya reli. Ili mkia utoke mita 3 ng'ambo, linatakiwa kwenda kama mita 29. Likiwa na mzigo na mwinuko kidogo, likichapuka kwa mita 0.2 kwa sekunde kila sekunde, litatumia sekunde 17. Ongeza 2 za dereva kuamua na kuingiza gia. Treni ya kilomita 60 kwa saa inakata mita 16.7 kila sekunde. Maana yake dereva anatakiwa aione reli kwa karibu mita 320 kila upande. Nenda kivukoni Machi, mahindi yakiwa yamefunga, ukapime unaona mita ngapi kutoka usawa wa jicho la dereva wa gari dogo, yaani kama mita 1.1. Pale ambapo mashamba yamesogea hadi kwenye hifadhi ya reli, makubaliano ya kupanda maharage au viazi mviringo badala ya mahindi na alizeti ndani ya pembetatu ya kuonea (eneo kati ya dereva, kivuko na treni inayokuja) ni kifaa cha usalama kisichouzwa na mtu. Kwa ukungu wa asubuhi hesabu hii haisaidii, na hapo ndipo taa zinapojipatia kazi.

Katika stika za kuakisi, usinunue daraja la chini kabisa. Jua hulififisha mapema. Chukua ya prizimu. Bandika ukanda wa sentimita 5 pia mgongoni mwa nguzo, upande unaotazama reli. Usiku treni ya mizigo inapopita, taa za gari linalosubiri huupiga ukanda wa nguzo ya ng'ambo kupitia nafasi kati ya mabehewa, na mmweko ule unamwambia dereva wa nyuma kuwa kuna kitu kinapita. Shilingi chache, faida kubwa. Rifleksta ubavuni mwa mabehewa zina kazi hiyo hiyo, kwa kuwa gari huweza kugonga ubavu wa treni ambayo tayari imeziba njia. Marekani ilizifanya lazima kwa kanuni ya mwaka 2005. Nguzo za chuma huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa hiyo mwaga za zege.

Taa za kumweka na geti la nusu barabara. Kiwango cha Marekani kinataka onyo lisilopungua sekunde 20 kabla treni haijafika, boriti (mkono wa geti) ianze kushuka angalau sekunde 3 baada ya taa kuanza, na iwe imelala sekunde 5 kabla ya treni. Linganisha na zile 19 za lori letu na utaona sekunde 20 zinabakiza sekunde moja tu kwenye njia ya semitrela. Sisi tungetaka 30. Kwa treni ya kilomita 60 kihisio kinakaa mita 500 kabla ya kivuko. Kwa 80 kinasogea hadi karibu 670. Swali hili la kasi si la nadharia tena, maana mkataba wa 2025 na kampuni ya Kichina ya CCECC unalenga kuifufua reli hii. Ukinunua mfumo leo, nunua wenye kihisio kinachoweza kuhamishwa. Na onyo likizidi sana, tuseme treni inayotambaa inafunga njia dakika tatu, bodaboda watalizunguka geti. Vijiti vya plastiki vinavyorudi vikigongwa, vikipangwa katikati ya barabara mita 20 hadi 30 kabla ya geti, huzuia magari kuzunguka. Pikipiki hazizuiliki kwa hivyo, tusidanganyane.

Geti la mkono lenye mlinzi si la kudharau. Linaharibika kidogo, fundi wa kuchomelea analitengeneza, na mlinzi anaona ng'ombe na pawatila iliyozima, vitu ambavyo kihisio hakivioni. Udhaifu wake ni mawasiliano. Bila simu ya uhakika na stesheni za pande zote mbili, mlinzi anakisia. Mpe bendera, taa ya mkono, na vidonge vya baruti vinavyobanwa juu ya reli ili vilipuke chini ya gurudumu na kumshtua dereva wa treni kukiwa na gari limekwama. Hata hivyo treni nzito huweza kuhitaji kilomita nzima kusimama, kwa hiyo vidonge vipelekwe mbali, mlinzi asiviweke hatua chache kutoka kibandani.

Vya kugundulia treni viko viwili. Saketi ya reli hupitisha umeme mdogo relini na magurudumu huufunga. Ni ya zamani na inaeleweka, lakini kokoto zenye tope huvujisha umeme msimu wa mvua, kutu juu ya reli isiyopitiwa mara kwa mara huzuia magurudumu kufunga saketi, na waya za shaba huibwa. Kihesabu ekseli huhesabu magurudumu yanayoingia na yanayotoka, na hakijali tope. Adui yake hapa ni radi. Dai kinga ya radi kila ncha ya waya na ethi (waya wa ardhini) iliyopimwa, na uulize nani ana ruhusa ya kukirudisha sifuri kikipotea hesabu.

Kuhusu sola, wauzaji hupenda kukuuzia paneli kwa hesabu ya taa. Taa si kitu. Vichwa vinne vya LED vya wati 10 vikimweka kwa zamu dakika 20 kwa siku vinakula kama wati-saa 7. Kidhibiti na vihisio vinavyokesha kwa wati 10 tu vinakula 240. Siku tano za mawingu ni 1,200, na ukitaka betri isishuke chini ya nusu, weka betri ya amp-saa (Ah) 200 ya volti 12. Paneli ya wati 150 inatosha. Sanduku la betri lizikwe kwenye zege na mfuniko wa kufuli la ndani.

Kamera zinarekodi tu, hazizuii. Kengele weka penye watembea kwa miguu. Matuta ya barabarani yasiwekwe upande wa kutokea karibu na reli, yanafanya foleni ikae juu ya reli. Vivyo hivyo pale kivuko kinapokaa hatua chache kutoka lami ya TANZAM: lori linalosubiri kuingia barabara kuu linaacha tela relini. Hapo geti halisaidii. Sogeza makutano, au zuia magari marefu kutumia njia hiyo.

Kabla ya kusaini makabidhiano ya geti la umeme, fanya jaribio moja mbele ya muuzaji: chomoa waya wa betri na umeme mwingine wowote unaolisha mfumo. Boriti za mfumo salama lazima zishuke zenyewe kwa uzito wake. Zikibaki juu, usilipe.