PCPartPicker kwa anayeunda PC ya gemu mara ya kwanza: inakagua nini, inakuachia nini

Anayeunda PC kwa mara ya kwanza huambiwa jambo lilelile na karibu kila anayemuuliza: pitisha orodha yako PCPartPicker kabla hujanunua. Ushauri huo ni mzuri. Tovuti hii ya bure ipo tangu 2011. Unachagua prosesa, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vingine), RAM, kadi ya grafiki, pawasaplai na keisi, nayo inakuonyesha kama vinaoana. Mstari wa juu ukiwa wa kijani, maana yake haijaona kasoro. Shida huanza pale mtu anapouona ukijani ule akadhani kazi imekwisha.

Tuipime kwa orodha ya kawaida ya mwanzo: prosesa ya Ryzen 5 7600, mazabodi ya B650 ya saizi ndogo ya Micro-ATX, RAM ya DDR5-6000 (kizazi cha DDR5, kasi ya 6000) ya GB 32 kwa vijiti viwili, kadi ya grafiki ya Radeon RX 7800 XT, SSD ya NVMe ya TB 1 na pawasaplai ya wati 750. Hakuna cha ajabu hapo, na ndiyo maana inafaa kwa kipimo.

Kwenye soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi, tovuti haina mpinzani. Ukishachagua Ryzen 5 7600, mazabodi zote zisizo za AM5, soketi ya prosesa hii, zinaondoka machoni pako, na RAM ya DDR4, kizazi cha kabla ya DDR5, nayo inaondoka, kwa sababu AM5 haikubali DDR4 hata kidogo. Upande wa Intel ndiko inakookoa wengi zaidi. Soketi ya LGA1700 ilibeba vizazi vitatu vya prosesa, cha 12 hadi cha 14, na mazabodi zake zilitoka kwa DDR4 na kwa DDR5. Kuna mazabodi mbili zenye jina linalokaribia kufanana kabisa, tofauti ikiwa ni neno DDR4 mwishoni. Tovuti inazitenganisha bila shida, lakini inachokagua ni jina ulilobofya. Boksi utakalokabidhiwa dukani hailioni. Soma jina lote mpaka herufi ya mwisho kabla hujafungua plastiki, maana kijiti cha DDR5 hakiingii kwenye sloti ya DDR4: mkato wake uko mahali pengine, na kukilazimisha ni kuivunja sloti.

Jambo jingine inalolifanya vizuri ni kukumbusha habari za BIOS, programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine. Mazabodi za B650 zilitoka 2022, prosesa za Ryzen 9000 zikaja 2024. Zinaoana, ila boksi lililokaa stoo muda mrefu linaweza kuwa na BIOS ya zamani isiyoitambua prosesa mpya, na mashine haitawasha picha. Ukiona onyo hilo, usiifute orodha. Chagua mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Utahitaji flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, faili la BIOS lililopewa jina ambalo kitabu cha mazabodi kinalitaka, na umeme wa pawasaplai. Flashi inachomekwa kwenye tundu la USB lililowekwa alama maalumu, si tundu lolote. Kwa 7600 yenyewe hutahitaji haya.

Maonyo mengine ni ya kusoma kwa utulivu. Wageni wengi hushtuka wakiambiwa mazabodi ina tundu la ziada la umeme la pini 4 ambalo pawasaplai haina kebo yake. Kwa prosesa ya wati 65 kama hii, ile kebo moja ya pini 8 inatosha na kubaki, na tundu la ziada linaachwa wazi. Lakini onyo kwamba sloti fulani ya M.2 (inayokaa SSD) inagawana njia na matundu ya SATA (ya diski za kebo) lichukulie kwa uzito. Ukiweka SSD hapo, baadhi ya matundu ya SATA yanazimika, halafu unakesha ukidhani diski yako ya zamani imekufa.

Sasa tuje kwenye vipimo vya ndani ya keisi. Hapa ndipo mstari wa kijani unapodanganya kwa nia njema.

Tovuti inalinganisha urefu wa kadi na nafasi iliyotangazwa na mtengenezaji wa keisi. RX 7800 XT ya AMD yenyewe ina milimita 267, lakini matoleo ya kampuni nyingine hupita 320. Tuseme keisi imeandikwa milimita 360. Inaonekana bado ina nafasi. Weka redieta ya kipozajoto cha maji mbele: redieta milimita 27, feni zake 25, jumla 52. Zimebaki 308, na kadi ya 320 haiingii tena. Hata bila redieta, tazama kama kipimo cha keisi kimechukuliwa kukiwa na feni ya mbele au bila, kwa sababu hizo 25 ndizo mara nyingi zinazoharibu hesabu. Unene nao usiusahau: kadi ya sloti tatu kwenye mazabodi ndogo hufunika tundu za chini, na kebo ya vitufe vya mbele hubanwa chini yake.

Kipozajoto kina mtego wa aina yake, na tovuti yenyewe inakiri kwa maandishi kwamba haikagui nafasi kati ya RAM na kipozajoto. RAM za taa kama Trident Z5 RGB zina kimo cha milimita 44, zisizo na taa kama Flare X5 zina 33. Kipozajoto cha minara miwili chenye kimo cha 155 kinaingia kwenye keisi inayoruhusu 160, na RAM nazo zinaingia kwenye sloti zake, kwa hiyo kila kitu ni kijani. Kisha feni ya mbele inagota juu ya RAM ndefu. Unaipandisha milimita 10 ili ipite, kimo kinakuwa 165, na mfuniko wa keisi haufungi. Kila kifaa peke yake kilikuwa sahihi. Dawa rahisi ni RAM fupi, na kwa mashine ya kwanza taa za RAM ndizo kitu cha mwisho cha kukutoa jasho.

Ukiwa na 7600 unaweza kulikwepa suala hilo kabisa. Inakuja na kipozajoto chake, Wraith Stealth, chenye kimo cha milimita 54 hivi. Kina kelele mzigo ukiwa mzito, lakini kinatosha. 7600X haiji nacho, na herufi hiyo moja huwaacha watu na prosesa mkononi bila cha kuipoza. Kukifunga, ondoa kwanza vile vishikio viwili vya plastiki kwenye mazabodi, kisha skrubu nne ziingie kwa mtindo wa msalaba, kidogokidogo kila moja. Ukitumia kipozajoto cha zamani cha AM4 kumbuka kwamba bamba la nyuma la AM5 haliondolewi. Vinavyotumia bamba la mazabodi vinakubali, vinavyodai bamba lao wenyewe havikubali.

Makadirio ya umeme ya tovuti ni mwanzo tu wa hesabu. RX 7800 XT inakula wati 263, prosesa hii ikikazana hufika 88, vingine vyote tuseme 50. Jumla ni kama 400. Mgeni akiona 400 hununua pawasaplai ya 450, hapo ndipo mashine inapojizima katikati ya gemu: kadi za grafiki huruka juu ya kiwango chake kwa muda mfupi sana, na ulinzi wa pawasaplai hukata. AMD inapendekeza wati 700 kwa kadi hii, kwa hiyo 750 ya kampuni yenye jina ni chaguo la busara. Na kuna jambo ambalo hakuna tovuti itakayokukagulia. Usichanganye kebo za pawasaplai mbili, hata kama zinaingia vizuri. Upande wa pawasaplai mpangilio wa pini hauna kanuni moja, na kebo ya kuazima inaweza kupeleka volti 12 panapotakiwa 5, na SSD au diski ikaungua papo hapo. Vilevile kebo ya prosesa ya pini 8 si ya kadi ya grafiki. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2. Ukichagua kadi ya Nvidia yenye tundu dogo la pini 16, isukume kebo mpaka isibaki nafasi, na usiikunje karibu na tundu. Isipokaa vizuri hupata moto na kuyeyuka.

Udhaifu mkubwa wa PCPartPicker ni kwamba, kwake, kuoana na kufaa ni kitu kimoja. Weka kijiti kimoja cha GB 32 badala ya viwili vya 16: kijani, ilhali umepoteza nusu ya upana wa njia ya RAM. Weka vijiti vinne: kijani pia, lakini DDR5 ya vijiti vinne kwenye AM5 ina kasi rasmi ya 3600 tu, na kuifikisha 6000 ni bahati nasibu. Weka RX 6500 XT kwenye mazabodi ya B450: kijani tena. Kadi hiyo inatumia njia nne tu za PCIe, zinazopitisha data kati ya kadi na mazabodi, na B450 ni ya PCIe 3.0, kizazi cha zamani, kwa hiyo njia inakuwa nyembamba mara mbili na gemu zinazojaza GB 4 za kadi zinaanza kukwama. Haitakuuliza pia skrini yako ni ipi. Skrini ya 4K ina pikseli mara nne ya 1080p, na kadi inayotamba kwenye moja inaweza kuhema kwenye nyingine. Kwa hiyo anza na skrini, kisha kadi, kisha prosesa, ndipo ufungue tovuti.

Kwa kazi yake halisi, yaani kuzuia makosa ya soketi, ya aina ya RAM na ya saizi, hatuna mbadala wa kuupendekeza mbele yake. Kwa yaliyobaki, mshirika wako ni PDF ya kitabu cha mazabodi, inayopakuliwa bure kabla hata hujanunua. Tafuta humo kurasa tatu: mpangilio wa sloti za RAM, jedwali la M.2, na mchoro wa pini za kitufe cha kuwashia. Pitia pia orodha ya RAM zilizojaribiwa kwenye mazabodi hiyo, kwa kuwa tovuti haiiangalii.

Vifaa vikishafika, vijiti viwili vinakaa sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Vinguzo vya shaba vinavyobeba mazabodi ndani ya keisi vihesabiwe na kulinganishwa na matundu ya mazabodi, maana kimoja kilichosahaulika mahali pasipo na tundu kinaweza kugusa saketi kwa nyuma na kuleta shoti. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi ya grafiki. 7600 ina grafiki yake ndogo, na ukichomeka kwenye mazabodi picha itakuja vizuri tu huku kadi ikilala. Mara ya kwanza kuwasha, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa wakati mazabodi inajifunza RAM. Usizime. Picha ikija ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio wa kasi iliyotangazwa ya RAM, la sivyo RAM uliyoinunua kwa kasi ya 6000 itabaki kwenye kasi yake ya msingi, mara nyingi 4800. Kisha kwenye mipangilio ya Windows pandisha hezi za skrini (idadi ya picha kwa sekunde), kwa sababu skrini ya 144 mara nyingi huanza na 60.